Siku tatu Kigoma na bibi na mtoto wa miaka 9: twende Gombe au tubaki mjini?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Desemba hii tunakuja Kigoma kwenye harusi ya shemeji yangu. Tunafika Ijumaa asubuhi, harusi ni Jumamosi, na tiketi ya kurudi ni Jumatano asubuhi, kwa hiyo tuna Jumapili, Jumatatu na Jumanne za kutembea. Tuko watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi mwenye miaka 70, kijana wa miaka 16 na binti wa miaka 9. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko. Kila ninayemuuliza ananijibu neno moja tu, Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Mfuko wenyewe ni wa mwalimu. Je, tukienda Gombe twende vipi na watu wa umri huo? Na tusipoenda, mjini kuna cha kuona, au tutashinda tumekaa gesti siku tatu?

Marahaba mwalimu, na karibuni sana Kigoma.

Nianze na lililo zito ili tulimalize. Binti yako wa miaka 9 hataruhusiwa kuwafuata sokwe Gombe. Umri wa chini ni miaka 15, na hilo halina mjadala mkishafika. Sokwe wanashika maradhi yetu kwa urahisi wa kutisha. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe, ikaua baadhi na kuwalemaza wengine, na tangu hapo magonjwa ya mfumo wa hewa yamewapiga zaidi ya mara moja. Ndiyo maana mgeni anavaa barakoa, anasimama mbali nao, anapewa saa moja tu akiwa na kundi, na mwenye mafua anaachwa nyuma hata kama ameshalipa. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini mtoto mdogo, ambaye mafua hayamwishi, hapelekwi.

Mama yako naye simshauri. Gombe ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba zipatazo 52, lakini imesimama wima: milima inapanda moja kwa moja kutoka ufukweni, na Desemba njia zimelowa na zinateleza. Mwongozaji anawafuata sokwe waliko, na wao wakiamua kupanda, nawe unapanda. Bibi anaweza kukaa ufukweni Kasekela, wageni wanaposhukia, akiwatazama nyani wakipita, lakini kumpandisha boti na kumlipia kiingilio kwa ajili hiyo sioni faida yake.

Wanaobaki ni watatu, na hapo inaingia hesabu ya usafiri, ambayo wengi huigundua wakiwa wameshachelewa. Boti za abiria zinazopita Gombe huondokea Kibirizi, kama kilomita 3 kaskazini mwa mji, kwenye saa za mchana. Zinapakia watu, magunia, kreti za soda na kuku, zinasimama vijijini njiani, na mnashuka Kasekela alasiri. Boti ya kurudi mjini inapita asubuhi mapema, kabla hamjaingia msituni. Kwa hiyo anayetegemea boti ya abiria analala huko usiku mbili. Na Jumapili boti hizo si za kutegemea. Kwa siku zenu ingekuwa Jumatatu kwenda, Jumanne msituni, Jumatano asubuhi kurudi, na wakati huo safari yenu ya Dodoma imeshawaacha.

Njia ya pili ni kukodi boti. Mnaondoka Kibirizi saa 12 alfajiri ziwa likiwa limetulia, mnafika baada ya saa mbili hivi, mnaingia msituni, alasiri mnarudi. Boti ya kukodi inalipiwa kwa safari nzima, si kwa kichwa. Mkiwa wawili inauma, mkiwa wanane inabebeka. Viingilio vyenyewe kwa Mtanzania ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa nje, kwa hiyo kinachokula fedha si hifadhi, ni injini na mafuta yake.

Basi ushauri wangu ni huu: wewe na kijana nendeni Gombe Jumatatu, mkeo abaki na bibi na binti, kwa sharti kwamba mmepata wenzenu wa kuchangia boti. Wageni wa harusi ni pa kuanzia kuuliza. Mkikosa wenzenu, iacheni Gombe mpaka safari nyingine, msije mkamaliza fedha ya watu watano kwa ajili ya wawili.

Mkipata, mwende na habari za Gombe kichwani, maana kijana wa miaka 16 yuko katika umri wa kuelewa uzito wa anachokiona. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alishuka kwenye ufukwe ule tarehe 14 Julai 1960, msichana wa miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu, akiwa amefuatana na mama yake. Miezi michache baadaye alimwona sokwe mmoja dume, ambaye alimpa jina David Greybeard, akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulivuta likiwa limejaa mchwa. Sokwe hao pia walikuwa wakipukutisha majani kwenye vijiti kabla ya kuvitumia. Wataalamu wa wakati ule walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake, ikabidi wafikiri upya, kwa ajili ya kichuguu cha hapa kwetu. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1968. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na utafiti aliouanzisha unaendelea. Mkiwa kwenye boti mwambie kijana akae upande wa nchi kavu aangalie milima. Mwanzo ataona mashamba ya mihogo, michikichi na vilima vilivyobaki na nyasi tu. Halafu msitu unaanza ghafla. Hapo mpaka wa hifadhi unaonekana kwa macho, hauhitaji kibao.

Sasa mji, ambao ndio hasa nilitaka tuuzungumze. Umeuliza kama kuna cha kuona. Kipo kingi, ila Kigoma haionekani kwa kuzunguka kutoka kivutio hadi kivutio. Inaonekana kwa saa. Ufukwe ule ule ambao saa 12 na nusu asubuhi umejaa wavuvi, wachuuzi, wapagazi na akina mama wenye beseni, saa 6 mchana una mbuzi wawili na mtoto anayefua. Wageni wengi wanaamka saa 3, wanakunywa chai taratibu, wanashuka ziwani saa 5 juani, halafu wanaondoka wakisema Kigoma imelala. Mji unafuata ziwa, na ziwa lina ratiba yake.

Kwa hiyo asubuhi moja, naomba iwe Jumanne, wote watano muwe mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinapotua, kabla jua halijapanda. Mialo inayofikika kirahisi ni miwili, Kibirizi upande wa kaskazini na Katonga upande wa kusini-magharibi. Kwa bibi na mtoto nachagua Katonga kwa sababu mnaweza kuendelea na njia hiyo hiyo mpaka pwani ya kuogelea. Kumbukeni jua letu linachelewa. Tuko magharibi sana, kwa hiyo linachomoza na kuzama karibu nusu saa baada ya Dodoma. Desemba kunapambazuka vizuri kwenye saa 12 na nusu, na machweo ni saa 1 jioni na dakika zake.

Mtakachokiona ni mavuno ya usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na vyombo ambavyo huku vinaitwa vipe, mitumbwi iliyounganishwa kwa miti mirefu ili wavu ushushwe katikati. Zamani taa zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawavuta dagaa juu, migebuka nayo inawafuata dagaa kwa kuwa ndio chakula chake, na wavu unainuliwa na vyote viwili. Usiku wa giza, ukisimama mlimani, taa hizo zimejipanga majini mpaka utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Lakini ni usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, na siku zinazozunguka mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Angalieni kalenda ya Kiislamu kabla ya kupanga: tarehe 12 hadi 17 ya mwezi huo msitegemee kuona taa nyingi wala mwalo uliochangamka. Na mngekuja likizo ya Juni ningewaambia muulize kwanza, maana mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Desemba mko salama.

Vyombo vikifika, simameni pembeni, msizibe njia ya wapagazi, na mtazame kazi ya akina mama wanaonunua. Dagaa wanaanikwa kwa namna mbili, kwenye mchanga au kwenye vichanja vya wavu vilivyoinuliwa. Wa kichanja ni ghali zaidi na wanastahili bei hiyo. Kumtambua hakuhitaji utaalamu: chukua wachache kiganjani, waangalie kama kichwa na mkia bado vimeshikana na mwili, rangi ni ya fedha inayong'aa, wala si ya njano au kahawia. Mmoja mvunje, wa kukauka vizuri anakatika kwa mlio. Kisha mtafune polepole. Mchanga kidogo tu utauhisi kwenye meno. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukionja, na mkeo akinunua hapo kwa kiasi cha kupeleka Dodoma atakuwa amenunua kutoka kwenye mikono iliyowaanika. Mkitaka kupiga picha, ombeni kwanza. Mtu aliyekesha ziwani na kupata nusu beseni hapendi kamera usoni.

Kutoka Katonga, kama jua ni zuri, endeleeni na bajaji hadi Jakobsen, vijighuba viwili vya mchanga chini ya mlima, nje kidogo ya mji. Kuna kiingilio, kuna kivuli, na maji ni angavu kiasi kwamba binti yako akisimama yamemfika kiunoni ataviona vidole vya miguu yake. Mnunulieni miwani ya kuogelea kabla ya kutoka Dodoma. Pembeni, kwenye mawe, kuna samaki wadogo wenye mistari, wa njano, wa buluu, wa aina ambazo nyingi haziko popote duniani isipokuwa ziwa hili. Watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga kwenye matangi ya vioo na kuwalipia fedha nyingi. Yeye atawaona wakila mwani kwenye jiwe lao wenyewe.

Hapo mwalimu una darasa zima mbele yako. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukitoa utaona kwamba sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Urefu ni kama kilomita 670, kutoka Burundi hadi Zambia. Lakini uhai wote wa samaki uko kwenye tabaka la juu. Huko chini maji hayana oksijeni, hayachanganyiki na ya juu, na hakuna samaki anayeishi. Waulize watoto kwa nini, kabla hujawaambia.

Tahadhari mbili za kuoga, na ninazisema kwa nguvu. Ukingo wa ziwa hili unashuka ghafla, hatua tatu ni magotini, ya nne hakuna chini, na hakuna mwokoaji. Mtoto asiingie bila mtu mzima aliye ndani ya maji pamoja naye, si aliyekaa mchangani na simu. Pili, msioge kwenye matete, kwenye maji yaliyotuama, wala mwaloni penye watu wengi. Huko ndiko kichocho kinakopatikana. Mchanga na mawe yenye mawimbi ni pazuri zaidi.

Ujiji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu napaona panapitiwa haraka mno. Ni kama kilomita 8 kutoka Kigoma mjini, daladala zipo siku nzima. Watu wanafika kwenye Makumbusho ya Livingstone, wanapiga picha na zile sanamu mbili zinazovuliana kofia, wanaonyeshwa miembe inayosemwa ni uzao wa ule mwembe wa zamani, wanaondoka. Dakika 20. Wanarudi na hadithi ya Wazungu wawili.

Ombeni mwongozaji wa makumbusho awasimulie na ya hawa wengine. Novemba 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone, alipoingia Ujiji na msafara aliouanza Bagamoyo mwezi Machi, mtu aliyemkimbilia kumpokea hakuwa Livingstone, alikuwa Susi, mtumishi wake Livingstone. Livingstone mwenyewe alikuwa amerudi karibuni kutoka Manyema, katika Kongo ya leo, mgonjwa, na akakuta bidhaa zake alizoziacha zimeuzwa. Miongoni mwa wakuu wa msafara wa Stanley alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa kijana na kufikishwa hadi India. Kwa Bombay Ujiji haikuwa ngeni: alikuwa ameshafika mwaka 1858 na Burton na Speke, ambao vitabu vinawataja kama Wazungu wa kwanza kuliona ziwa. Alikuja tena baadaye na mpelelezi Mwingereza Cameron. Kwa hiyo mtu mmoja, Mwafrika, alifika mwisho wa njia ile katika misafara mitatu mashuhuri, na watoto wetu shuleni wanayajua majina ya waliomwajiri.

Kisha Susi na mwenzake Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wao na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Njiani, Tabora, walikutana na msafara wa Cameron, ukawashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mimi nikiwasimulia wageni nafika hapo nasimama, kwa sababu ule ni uamuzi wa watu waliokuwa na njaa na homa, wasiokuwa na bosi juu yao tena, na ambao hakuna aliyewaahidi chochote. Kijana wako asikie hilo akiwa amesimama Ujiji.

Na wewe kama mtu wa Dodoma una sababu ya ziada. Njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyoishia hapa ilipita kwenu: Mpwapwa na, kwa jirani zenu wa Singida, Kilimatinde ni vituo vyake, pamoja na Kwihara ya Tabora. Serikali iliiombea nafasi katika orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ujiji walifikishwa watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa, wakaanza kutembea kuelekea pwani kwa nchi ile ambayo ninyi mtaipita mkirudi nyumbani. Makumbusho yana sehemu ya habari hiyo. Binti wa miaka 9 anaweza kuisikia, kwa maneno ya umri wake.

Mkitoka makumbusho msirudi mjini. Shukeni kwa miguu polepole hadi ziwani, bibi akichoka kuna bodaboda na bajaji. Ziwa lilikuwa karibu zaidi na mahali pale enzi hizo. Kina kimekuwa kikishuka na kupanda, na miaka ya karibuni kimepanda kikala sehemu za fukwe zetu. Njiani ni mitaa ya mji wa Waswahili wa bara: misikiti, barza, nyumba za udongo na bati zenye milango ya mbao, Kiswahili kisafi kilichokita hapa tangu enzi za misafara, na wazee wanaopenda kusalimiwa. Mama yako atafurahia hapo kuliko sisi sote. Ufukweni kuna mafundi wa mitumbwi. Mkimkuta fundi anakalafati, mtazameni: anasokota pamba, anaisukuma kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, anagonga, anasikiliza mlio, anagonga tena. Mlio ukibadilika anajua mwanya umejaa, anahamia mbele.

Stesheni na bandari ni za Jumapili jioni, mkiwa bado mna uchovu wa harusi. Jengo la stesheni ni la Wajerumani, limesimama mwisho wa reli chini ya barabara ya Lumumba yenye miembe mikubwa, na Desemba miembe inazaa. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, karibu kilomita 1,250. Mwaka uliofuata, 1915, meli iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande kwenye makasha yapatayo 5,000 ilishushwa majini hapa ikiwa na jina Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Grisi ile ndiyo iliyoiokoa: Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Imebeba watu wa ziwa hili vizazi na vizazi, na imekuwa miaka kadhaa nje ya safari kwa ajili ya ukarabati, kwa hiyo habari za ratiba ya meli ziulizeni ofisi ya bandarini. Msipige picha bandarini bila ruhusa. Litazameni ziwa kutoka juu, ambako pia ni pazuri kwa machweo. Desemba, mvua ikishaosha hewa, milima ya Kongo inaonekana wazi ng'ambo, jambo ambalo wageni wa kiangazi hulikosa kwa sababu ya moshi na vumbi. Ni ng'ambo hiyo ambako mwanamapinduzi Che Guevara alivuka kutokea hapa Kigoma Aprili 1965.

Vitenge ni Mwanga hapa mjini, soko lenyewe na maduka yake. Vingi ni vya Kongo au vimepitia Kongo, mkeo ataelewana nao mwenyewe. Jumatatu, mkiwa Gombe, yeye na bibi na binti wana asubuhi yao hapo.

Chakula, nina neno moja tu la kusisitiza: kuleni mgebuka wa mawese kwa ugali wa muhogo, kwa mama lishe, mchana, siku samaki ni wa asubuhi hiyo. Mgebuka mzuri nyama yake inaachana na mfupa bila kusagika, na mawese yake ni mekundu yenye harufu mpya, hayakereketi kooni. Samaki aitwaye kuhe akiwepo, mwombeni wa kuchoma. Mawese ya kupeleka nyumbani yanunueni kwenye dumu jipya, wekeni nailoni mbili chini ya kifuniko kabla ya kukikaza, na dumu lisimame wima safari nzima. Likilala tu, nguo za harusi zimekwisha.

Sasa la Ijumaa, maana ndilo linaloamua Jumatatu yenu. Mkishatua mizigo, usisubiri harusi ipite. Jumamosi na Jumapili hutampata mtu wa kukuhudumia kwa utulivu. Nenda ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hapa mjini siku hiyo hiyo, ueleze kuwa mnataka kwenda Gombe Jumatatu na kurudi jioni, uulize kama kuna wengine wanaotafuta wa kuchangia boti, na uache namba yako. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, hakuna fedha mkononi. Ili ulipe kiwango cha Mtanzania utaonyesha kitambulisho cha taifa, cha NIDA. Kijana wako wa miaka 16 hana NIDA, kwa hiyo beba cheti chake cha kuzaliwa, chenyewe, si picha kwenye simu: kitathibitisha uraia wake na kwamba ameshavuka miaka 15.

Na boti mtakayokodi iwe na maboya ya kuvaa yanayotosha watu wote waliomo. Yahesabuni kabla hamjapanda. Nahodha akisema yako mengine mbele, subirini yaletwe.